Mwalimu Mbona Arudi Darasa la Kwanza

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mbona, na jina hilo likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Ulikuwa huwezi kumuuliza kitu akakujibu hivihivi. Ukimwambia, "Mwalimu, maji ya kwenye sufuria yamepungua," angekutazama kwa yale macho yake makubwa na kusema, "Mbona hayajamwagika? Sasa yameenda wapi?" Basi darasa zima linaachwa na sufuria juu ya jiko dogo la mafuta ya taa. Watu wanabishana, wanafunika na kufunua, wanaulowesha mkono kwa mvuke, mpaka kengele inalia. Naye anajipangusa chaki vidoleni na kutoka polepole, kama mtu aliyeficha zawadi chumbani na anajua itaonekana tu.

Upande wa pili wa ukuta alifundisha mumewe. Huyo waliita Mwalimu Tena. Darasa lake lilikuwa na sauti moja nene iliyopanda na kushuka mchana kutwa: mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, kisha sauti yake yeye, "Tena!", na wimbo unaanza upya. Aliyepatia alipigiwa makofi ya kupangwa na kupewa nyota ya karatasi. Aliyekosea hakuchapwa wala kusimangwa. Aliambiwa tu arudie, kisha arudie kule kurudia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Wakati wanafunzi wa Mwalimu Mbona wanawaza, walikuwa wanawaza ndani ya mvumo wa wimbo wa jirani, kama mtu anayelala karibu na mashine ya kusaga.

Walikutana chuo cha ualimu, katika somo la nadharia za kujifunza. Mkufunzi wao alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliwaeleza habari za wale wanaosema kujifunza ni mazoea: jambo likifuatwa na tuzo hurudiwa, likifuatwa na kimya hufifia, awe mbwa au awe mtoto. Akawaeleza pia wale wanaosema mtoto hajazwi kama ndoo, bali hujenga maarifa yake mwenyewe kwa kushika, kukosea na kushangaa. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono kutetea wale wa kwanza. Msichana wa dawati la mbele akageuka kumjibu. Kubishana huko hakukuisha. Kulihamia bwaloni, kukahamia kwenye barua, mwisho kukahamia nyumbani kwao na kupata mtoto.

Wakaitana "mwalimu", hata wakiwa wawili tu chumbani. Na mtoto huyo, binti yao wa pekee, akawa uwanja wa vita. Ilipofika siku ya kufunga kamba za viatu, baba alitaka afundishwe hatua kwa hatua na kurudia, mama alitaka aachiwe kamba avumbue mwenyewe. Mwishowe binti alijifunza kwa mama yake mdogo, fundi wa kushona mapazia, ambaye hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa na haraka tu.

Miaka ikapita namna hiyo, yenye chaki na utani. Wakastaafu, mke kwanza, mumewe baadaye kidogo. Nyumba ikawa na utulivu ambao hawakuuzoea. Asubuhi walikunywa chai kwenye kibaraza wakisikiliza kengele ya shule ya jirani kama watu wanaosikiliza habari za ndugu aliye mbali.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, Mwalimu Mbona alikuwa anaosha vyombo. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya povu. Akaliona povu likipasuka taratibu, tundu moja baada ya jingine, akaona ni zuri mno, na akashangaa kwa nini hajawahi kuliona hivyo. Kisha kikombe kikamtoka mkononi. Kilianguka bila sauti, au sauti ilikuwa imetangulia mahali pengine. Mumewe alitokea mlangoni, mdomo wake ukichezacheza. Yeye akataka kumwambia, usijali, ni kikombe tu. Alichokisikia kikitoka kinywani mwake ni neno moja:

"Kijiko."

Akajaribu kulisahihisha. "Kijiko," akasema tena, kisha miguu ikawa ya mtu mwingine, na sakafu ikaja juu polepole kumpokea.

Siku za hospitali zilimpita kama chumba kinachoonekana kupitia pazia jepesi. Watu wa mavazi meupe waliinama na kuinuka. Mdogo wake, yule fundi wa mapazia, alikaa kando ya kitanda na kuongea bila kituo, habari za wateja, za bei ya vitambaa, za jirani aliyenunua kochi lisiloingia mlangoni. Daktari alisema ni kiharusi, mkono wa kulia utachelewa, na usemi ndio umeguswa zaidi. Wageni walimpazia sauti kama kiziwi. Hakuwa kiziwi. Alielewa karibu kila kitu. Neno alilijua: alijua umbo lake, uzito wake, hata kona ya kichwa lilimokuwa likikaa siku zote. Ila akienda kulichukua anakuta mlango uko wazi, chumba kimefagiliwa, na katikati ya sakafu kuna kijiko.

Mchana akisinzia, alirudi darasani. Huko ndotoni alisema sawasawa. Sentensi zilimtoka ndefu, safi, moja ikiishika mkono nyingine, na watoto waliinua vichwa kama maua kwenye maji. Alikuwa anawaeleza jambo kubwa sana, jambo lililounganisha mvuke na kivuli na sababu ya watu kucheka. Kisha anaamka. Feni inazunguka darini. Anaufumbua mdomo haraka, kabla ndoto haijapoa, labda kitu kimebaki ulimini. Hakuna.

Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa matamshi alimwita mumewe pembeni. Alikuwa binti mrefu wa viatu vya raba, mwenye sauti ya chini.

"Baba, kila mgonjwa anarudi kwa njia yake," alisema. "Ongeeni naye sana. Msimharakishe, lakini pia msimwache peke yake. Na mumlete kila wiki."

"Mazoezi," alisema Mwalimu Tena, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. "Hilo niachie mimi, binti yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Kesho yake meza ya kulia chakula iligeuka darasa. Alikata maboksi akatengeneza kadi, akachora kikombe, mlango, kuku, mti, kwa ule mkono wake wa kuchora ubaoni. Pembeni aliweka kisahani cha karanga. Neno likitoka, karanga moja. Lisipotoka, kimya kidogo, kisha "Tena."

Mkewe alimtazama. Mwanaume huyu alikuwa amekonda. Shati alikuwa amelifunga vifungo kombo, na alinyoosha kadi kwa heshima kama mtu anayekabidhi ufunguo. Basi akafungua mdomo kwa ajili yake.

"Ki... kijiko."

"Kikombe. Tena."

Hazikuwa siku za bure. Mumewe alipoanza, "Jumatatu...", ulimi wake wenyewe ukaendelea: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, bila yeye kuuamrisha. Wote wawili wakashtuka. Hesabu nayo ilikuja hivyohivyo. Ule wimbo aliousikia maisha yake yote kupitia ukutani, akiubeza, sasa alikuwa ndani yake, na ndani kulikuwa na faraja asiyoitegemea. Ulikuwa kama ngazi ya nyumba uliyokulia: hata umeme ukikatika, mguu unajua wenyewe. Akaupanda na kuushuka kwa furaha, asubuhi nzima, siku zinamtoka kinywani zimepangana kama shanga.

Lakini mtaalamu alipowauliza wanarudi lini, na jibu lilikuwa Alhamisi, hakuweza kuiokota Alhamisi pale ilipo. Ilimbidi aondoke Jumatatu kwa miguu, apite Jumanne na Jumatano, na alipoifikia akaipita kwa kasi akajikuta Jumapili. Hata kusimama hakuweza. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa kwenye kioo cha gari.

Karanga ndizo zilizoleta ugomvi. Adhuhuri moja ya joto, amesema "mti" vizuri kabisa, mumewe akamsogezea karanga yake kwa kidole, huku akisema "Vizuri sana," kwa ile sauti ya darasa la kwanza. Mwalimu Mbona akakipiga kisahani kwa mkono wa kushoto, karanga zikaruka mpaka chini ya kabati.

"Mimi si mbwa!"

Ilikuwa wazi, nzima, kama zamani. Jirani angeweza kuisikia. Mwalimu Tena alisimama, macho yamemtoka, uso wote umewaka furaha.

"Umesema! Mwalimu, umesema sentensi nzima! Tena!"

Mkewe akaufungua mdomo. Aliiona sentensi ikiondoka, mgongo wake tu.

"Kijiko," alisema, na akalia.

Mumewe alipiga magoti sakafuni, akaanza kuokota karanga moja moja, hata zile za mbali ambazo hazikuwa na haja ya kuokotwa. Alikaa huko chini muda mrefu.

Kwa siku kadhaa kadi hazikutoka kwenye droo. Kisha asubuhi moja mke alimkuta mumewe ameketi mezani, mikono ameifunga kifuani. Mbele yake amepanga kiberiti, kitambaa, bilauri ya maji na jiwe. Alimvutia kiti, akangoja atulie, akauliza kwa upole:

"Mbona viko pamoja, mwalimu? Unaonaje?"

Moyo ulimlainika mkewe. Alijua jambo hilo limemgharimu nini. Miaka yote hiyo alimcheka kwa maswali yake, alimwambia anawaacha watoto wa watu njia panda. Leo amelivaa swali hilo kama koti la kuazima, linambana mabegani, kwa sababu yake tu. Akavitazama vile vitu kwa bidii. Alikuwa na majibu tele: moto na maji, kinachonyonya na kisichonyonya, kinachozama. Yalimjaa kifuani. Na mumewe alingoja, kwa subira nyingi, kama yeye alivyokuwa akingoja.

Kimya kile kilikuwa kipana. Alikuwa akiwapa watoto kimya cha namna hiyo akiamini ni uwanja wa kuchezea. Sasa aliuona kutoka katikati. Hakukuwa na mtu humo, wala ukingo. Zikamjia nyuso za baadhi ya wanafunzi wake, wale walioinua macho kwake wakati wenzao wanabishana, wasiseme neno. Alidhani wanawaza. Wengine, kumbe, walikuwa wanazama.

Alinyoosha mkono akaligusa jiwe, kisha akaugusa mkono wa mumewe. Akatikisa kichwa. Mumewe akaelewa, akacheka kwa huzuni.

"Si rahisi," alisema. "Nimeuliza swali moja tu na shingo inaniuma."

Muda wote huo mdogo wake ndiye aliyekuwa akiwapikia. Alikuja mchana na cherehani yake ya mkono, akashona na kupika na kuongea. Lakini akapata kazi ya mapazia ya nyumba nzima ya wageni, tena ya haraka.

"Dada, nisameheni wiki hizi mbili tatu," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Shemeji, jikoni sasa ni wewe."

"Mimi? Mimi hata chai naunguza!"

"Dada yuko hapo."

"Dada yako haongei!"

"Kwani wewe unapika kwa masikio?" Akajitwisha kitambaa chake, akaenda zake.

Basi mchana ule wakasimama wote wawili mbele ya jiko kama watu walioshushwa kituo wasichokijua. Mkono wa kulia wa mke ulikuwa bado hauna nguvu, na mume hakuwahi kujua mchele unaanzia wapi. Akamwaga mchele kwenye sufuria kavu. Mkewe akaguna. Akatia maji mpaka juu. Mkewe akafumba macho kama mtu anayeona ajali. Akamshika kifundo, akaurudisha mkono wake nyuma, akamwonyesha kwa pingili ya kidole maji yaishie wapi. Akamvuta karibu na moto, akaukunja uso kumaanisha umezidi, akaulegeza kumaanisha hapo. Mwalimu Tena, aliyezoea kusimama mbele ya watu, sasa alisimama nyuma ya bega la mkewe na kuchungulia.

Wakawa wanakaanga vitunguu pembeni. Vilianza kushika chini.

"Kijiko," alisema mkewe.

"Chumvi?" Akampa chumvi.

"Kijiko!"

"Maji?" Akaleta jagi. Mkewe akatikisa kichwa kwa nguvu, moshi unaanza kupanda. "Mfuniko? Kitambaa? Nizime? Mwalimu, nyoosha kidole basi!"

"Ki-ji-ko!" alisema, akanyoosha kidole kwenye ndoano ukutani, na hapo mumewe akaona kijiko, kijiko chenyewe hasa, kirefu cha kukorogea, kinaning'inia.

Walitazamana. Kisha mke akaanza kucheka, na mume akamfuata, wakacheka mpaka mume akaegemea friji mbavu zikimuuma, na vitunguu vikaungua vyote, na hawakujali. Baada ya miezi, neno hilo lilikuwa limetua mahali pake kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na mtu wa kulipokea.

Walikula wali wenye harufu ya moshi. Siku iliyofuata walipika tena, na iliyofuata. Jikoni mvuke ulifunga vioo vya madirisha, dunia ya nje ikawa madoa ya rangi, na ndani kulikuwa na sauti ya maji tu na mikono minne isiyotosha miwili. Mume alikuwa ameanza kuongea anachofanya, bila mpango, kama shemeji yake anavyoongea akishona. "Haya, nyanya naikata hivi... sasa naigeuza..." Siku moja alisema, macho yakiwa kwenye sufuria:

"Chumvi nitie sasa, au..."

"Bado," alisema mkewe.

Ilitoka yenyewe, ndogo, kama mtu anayepita mlangoni. Mume aligeuka. Mkewe aliuona mdomo wake ukijitengeneza kwa lile neno lake la miaka yote, akaona koo linavyolimeza. Hakulisema. Akauliza tu:

"Mpaka lini?"

"I... iki... ikichemka."

"Ikichemka," alisema mume, akageukia sufuria, akajipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo.

Jioni hiyo, wakiwa kibarazani, alisema, "Unamkumbuka mkufunzi wetu wa miwani ya uzi? Kulikuwa na nadharia nyingine, ya tatu. Alisema kuna mambo mtu anayaweza mwenyewe, na mambo asiyoyaweza kabisa, na katikati kuna mahali padogo, anapoweza kwa kushikwa mkono na mwenzake. Alisema kazi ya mwalimu iko hapo, na akishaweza umwachie." Akamgeukia. "Sikusikia vizuri siku ile. Nilikuwa natafuta la kukujibu wewe."

Mkewe akajinyooshea kidole kifuani. "Mimi... pia."

Maneno yalirudi kwa mtindo wao, bila foleni. "Mawingu" yalikuja kabla ya "maji". Kwa majuma kadhaa vitu vyote vyekundu viliitwa nyanya. Mengine aliyashika leo, kesho yakamponyoka, na hapo wimbo wa siku za wiki ulimsaidia kupata pumzi. Kadi nazo zilirudi mezani, ila sasa alizichora yeye kwa mkono wa kushoto, na mumewe alikisia. Walibishana bado. Mume alishikilia kwamba bila kurudia hakuna kitu kingekaa. Mke alitikisa kidole: "Kurudia... ndiyo. Lakini changu." Alitaka kusema arudie anachokitaka yeye. Mume alielewa, akajifanya hajaelewa, ili aendelee kusema.

Neno lililomtesa zaidi lilikuwa jina la binti yao. Binti alifanya kazi mji mwingine, alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mama alisema "mwanangu", maana jina halikuwepo. Lilikuwa limemtoka mdomoni siku binti alipozaliwa, mara ngapi amelipaza uani, na sasa mahali pake palikuwa na mwanga mtupu. Karibu mwaka mzima. Kisha Jumapili moja, wanaongea habari za mvua, akalitaja katikati ya sentensi kama mtu anayehesabu nguo. Hakujijua. Aliona tu simu imenyamaza.

"Haloo?" alisema. "Mbona... kimya?"

Upande wa pili binti alikuwa analia.

Mwaka wa pili yule mtaalamu wa matamshi alimwomba awe anakuja kukaa na wagonjwa wapya, si kufundisha, kukaa tu. Kazi ya kukaa ikawa ya wiki nzima. Walikutana chumba cha nyuma cha hospitali chenye dirisha refu na viti visivyofanana: mhudumu wa basi mstaafu, mama muuza viatu, na fundi wa kupaka rangi nyumba, mtu wa makamo ambaye kiharusi kilimwachia "ndiyo" na "hapana" tu, na mara nyingi vikabadilishana zamu. Mwalimu Mbona alisema polepole, kwa sentensi fupi zenye matundu, na hakuona haya tena. Wakati mwingine walihesabu wote kwa sauti, kwa raha tu. Wakati mwingine alileta viazi wakamenya.

Mchana mmoja, wengine wakiwa hawajafika, fundi wa rangi alianza kumweleza nyumba ya mwisho aliyoipaka kabla ya kuugua. Alionyesha ukubwa wake kwa mkono mmoja. Alionyesha mlango. Kisha akafika kwenye rangi, akakwama. Mishipa ilimtoka shingoni.

Mwalimu Mbona alimtazama machoni. Hakujua kama mtu huyu yuko karibu na neno lake au anazidi kwenda mbali nalo. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana sana. Angeweza kumtajia rangi zote, moja moja, mpaka aitikie. Angeweza kungoja. Akavuta kiti chake mbele kidogo, magoti yakakaribiana.

"Kama...?" alisema.

Fundi alifumba macho. Mwanga wa dirisha ulimlalia usoni.

"M... mvua," alisema, na akashtuka kulisikia.

"Mvua," alisema Mwalimu Mbona. "Inayoanza? Au inayokwisha?"

Fundi akafikiri. Kisha akauinua mkono wake mzima, akashika brashi isiyokuwepo, akaanza kupaka hewani, juu na chini, juu na chini, bila haraka, akisogea upande kadiri ukuta ulivyojaa; na Mwalimu Mbona akageuza kiti chake ili apate kuutazama.